DARASA LA NYUMBANI: Kope ya Jicho Kabla ya Kisu



Mwezi huu tumeletewa barua mbili zinazouliza habari ya kupasuliwa kope ya juu ya jicho. Zimeandikwa na watu wasiojuana, na haja zao hazifanani hata kidogo. Lakini tulipozisoma pamoja tuliona kuwa jibu la mmoja linamfaa mwenziwe, na linaifaa kila nyumba yenye kijana na mzee.

Barua ya kwanza imetoka kwa binti wa Mikumi mwenye umri wa miaka 24. Anasema kope zake za juu ni nene na zimelala tangu utoto wake, kama zilivyo za baba yake na shangazi zake. Ameposwa, arusi imekaribia, na wenziwe kazini humtania kuwa ana macho ya usingizi. Katika simu yake ameziona picha za wanawake waliokatwa kope wakatoka na macho makubwa, naye amejiwekea akiba kwa muda wa miaka miwili. Anauliza kama jambo hilo ni haramu, na kama lina hatari.

Barua ya pili ameiandika kijana wa huku kwetu milimani Vidunda kwa niaba ya mama yake. Mama huyo alizaliwa na kukulia upande wa Kongwa, akaolewa huku. Nywele za kope zake zimegeukia ndani, zinamchoma usiku na mchana, na kila wiki mjukuu wake humng'oa kwa kibano. Mganga wa macho amemwambia apasuliwe, naye amekataa. Amesikia kwamba jicho hutolewa nje likaoshwa kisha likarudishwa; na tena asema kuwa kukata kope ni kubadili umbo alilolifanya Mwenyezi Mungu. Kijana anauliza: je, sisi wanawe tumnyamazie?

Basi tazameni mambo ya dunia. Binti anakikimbilia kisu ambacho huenda hakihitaji, na mama anakikimbia kisu ambacho huenda ndicho kitakachomwokolea macho yake. Wote wawili wameingia katika shaka kwa kukosa elimu ya jambo lenyewe. Na kutafuta elimu ni faradhi juu yetu sote. Sisi si waganga. Tutakayoyasema tumeyachukua kwa wenye ujuzi wa tiba na kwa wanavyuoni wa sheria, nasi twayapanga tu ili yafahamike.

KOPE NA KAZI YAKE

Katika maneno haya, kope tutaliita lile gubiko la jicho, na zile nywele tutaziita nywele za kope. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi yote ya mwili, haifiki hata unene wa milimita moja. Chini yake mna msuli wa kufumba, mna mafuta kidogo, na mna msuli mwingine wa kuinua. Kila tupepesapo, kope hueneza machozi juu ya kioo cha jicho, hufagia vumbi, na hulilinda jicho lisikauke. Kioo hicho kikikauka hufanya vidonda, na kidonda kikipona huacha kovu jeupe lizuialo nuru. Kwa hiyo kope si pambo tu; ni mlinzi wa mlango. Mwenye kumpunguza mlinzi wake hana budi ajue anapunguza nini.

Kope ya juu hushuka kwa sababu nyingi, na kila sababu ina dawa yake. Wako watu ambao umbo lao ndilo hilo, wamelirithi kwa wazee wao, nao wanaona vizuri. Wako wazee ambao ngozi ya kope imelegea kwa umri ikaning'inia mpaka juu ya nywele, hata mtu humbidi ainue kidevu au ashike kope kwa kidole ili aone njia. Wako ambao ngozi yao ni nzima, bali msuli wa kuinua ndio dhaifu, ama tangu kuzaliwa, ama kwa uzee, ama kwa kuumia. Wako ambao nyusi zenyewe ndizo zilizoshuka zikaisukuma kope chini. Na wako ambao kope imevimba kwa ugonjwa wa figo au wa tezi ya shingo. Hao wakikatwa ngozi hawapati nafuu, maana ugonjwa uko mahali pengine.

Ziko alama mbili ambazo kila nyumba yafaa izihifadhi. Kope iliyo nzuri asubuhi ikashuka jioni kila siku, pamoja na mtu kuona vitu viwili viwili au kuchoka kutafuna, huenda ni ugonjwa wa neva na misuli. Daktari ndiye wa kuupima. Na kope iliyoshuka ghafula, pamoja na kichwa kuuma sana au mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, ni jambo la haraka: mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile, wala isingojwe kesho.

Na wazazi wenye watoto wachanga nao wasikie. Mtoto akizaliwa na kope iliyofunika mboni, asiachwe kwa kusema atakua nayo. Jicho lisilopata nuru utotoni halijifunzi kuona, na likikosa kujifunza wakati huo huenda lisijifunze tena, hata kope ikija kuinuliwa ukubwani. Apelekwe kwa daktari wa macho mapema.

KISU CHA UREMBO

Kupasua kope si jambo la jana. Mabingwa wa Kiislamu walilijua zamani. Abul Qasim Az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1013, aliandika katika kitabu chake cha At-Tasrif namna za kutibu kope iliyolegea na nywele zilizogeukia ndani; na Ali bin Isa wa Baghdad, tabibu mashuhuri wa macho, naye aliandika kitabu kizima juu ya maradhi ya macho. Hao waliushika wembe kwa ajili ya kuondoa maudhi. Kukata kope kwa ajili ya kupendeza ni habari ya siku za karibu zaidi: huko Japani daktari aitwaye Mikamo alieleza mwaka 1896 namna ya kuifanyia kope mkunjo, na leo kazi hiyo imeenea sana Korea, Japani, Marekani na Ulaya. Hapa kwetu Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza mwaka 2023 kuwapasua watu kwa ajili ya kurekebisha umbo, na wengine husafiri kwenda nchi za nje. Kwa hiyo si ajabu habari hizi kufika Mikumi na Kidodi.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Daktari humkalisha mtu na kuchora mstari juu ya kope, mahali pa mkunjo. Kisha humlaza, humpiga sindano ya ganzi, hukata kipande cha ngozi chembamba, na pengine huondoa msuli na mafuta kidogo, kisha hushona. Kope mbili huchukua kama muda wa saa moja au zaidi kidogo. Nyuzi hutolewa baada ya siku 5 mpaka 7 hivi. Uvimbe na wekundu hudumu wiki moja au mbili, na kovu huendelea kutulia kwa miezi. Kwa hiyo bibi arusi anayekatwa wiki mbili kabla ya arusi, huenda akaingia ukumbini na macho yaliyovimba.

Hatari zipo, na mtu muungwana hazifichi. Iliyo ya kawaida ni kope mbili kutolingana, kovu kuonekana, na macho kukauka na kuwasha. Iliyo kubwa zaidi ni kukatwa ngozi kupita kiasi. Hapo jicho halifumbi sawasawa, hulala wazi usiku, na kioo chake hukauka kikafanya vidonda. Ngozi iliyotupwa hairudi, na kuitengeneza kope hiyo ni kazi ngumu kuliko ile ya kwanza. Na iliyo nadra sana, lakini kubwa kuliko zote, ni damu kuvuja nyuma ya jicho, ikaligandamiza mpaka likapofuka. Dalili zake ni maumivu makali, jicho kutokeza nje na kuona kupungua, na aghalabu hutokea katika siku ya kwanza. Hiyo hutibiwa kwa saa, haitibiwi kwa siku. Basi mtu wa Vidunda asikatwe asubuhi mjini akapanda pikipiki jioni kurudi mlimani kwa vumbi. Alale karibu na hospitali, na awe na mtu wa kumwangalia.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTIA SAINI

Mtu anunuapo ng'ombe humfunua meno, humtazama kwato, humtembeza. Itakuwaje atoe jicho lake pasipo kuuliza? Tunawausia wasomaji wetu wayaulize haya.

Kwanza: kope yangu imeshuka kwa sababu gani? Daktari asiyejibu swali hili asipewe kisu. Ngozi, msuli na nyusi kila kimoja hutengenezwa kwa njia yake, na kukata ngozi hakumponyi mwenye msuli dhaifu.

Pili: je, kope inazuia kuona? Kipo kipimo cha upana wa kuona kinachoonyesha jambo hili wazi, na mtu ana haki ya kupimwa na kuambiwa matokeo. Swali hili lina uzito katika tiba na katika sheria, kama tutakavyoeleza.

Tatu: je, machozi yangu yanatosha? Mwenye macho makavu huzidiwa baada ya kukatwa.

Nne: wewe ni daktari wa nini, na umeandikishwa wapi? Hapa kwetu madaktari huandikishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kinyozi, mpambaji wa maarusi na muuza vipodozi hawana ruhusa ya kushika wembe juu ya kope ya mtu, hata wakiwa na picha nzuri namna gani. Picha ya simu humwonyesha aliyepona. Aliyeharibika hapigwi picha ya tangazo.

Tano: likitokea baya usiku, nimwite nani, na yuko wapi? Mwenye kusafiri nje ya nchi kwa kazi hii azidi kulifikiri swali hili, maana atakaporudi nyumbani daktari aliyemkata atakuwa ng'ambo ya bahari.

Nasi wagonjwa tuna la kusema pia. Daktari aambiwe habari ya shindikizo la damu, kisukari, tezi, na kovu lolote lililowahi kuota na kuvimba mwilini. Aambiwe dawa zote zinazonywewa, pamoja na aspirini, dawa za kulainisha damu, na mitishamba. Kuficha dawa ya miti kwa kuona haya ni kujitafutia damu isiyokatika.

SHERIA YASEMAJE

Wanavyuoni wameligawa jambo hili sehemu mbili, na mgawanyo huo ni mwepesi kufahamika. Iko tiba ya kuondoa maudhi na aibu, na uko ubadilishaji wa umbo kwa kutaka uzuri tu.

Sehemu ya kwanza imeruhusiwa. Mtume wetu (S.A.W.) aliwaamrisha watu wajitibu, akafundisha kuwa hakuna maradhi yaliyoteremshwa bila dawa yake. Na iko habari mashuhuri ya sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua yake katika vita vya Kulab zama za Jahiliya. Alijifanyia pua ya fedha ikamnukia vibaya, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru ajifanyie ya dhahabu, ingawa dhahabu imeharimishwa kwa wanaume. Hapo pana dalili kubwa kuwa kurudisha kilichoharibika si kubadili umbo la Mungu.

Sehemu ya pili imekatazwa. Katika Suratun Nisaa, aya ya 119, imetajwa ahadi ya Shetani ya kuwaamrisha watu wabadili umbo la Mwenyezi Mungu. Na katika Hadithi iliyopokewa na Ibn Masud wamelaaniwa wenye kuchanja chale za urembo, wenye kunyonyoa nyusi na wenye kuchonga mwanya kwa ajili ya uzuri. Wanavyuoni wamelitia mkazo neno hilo la mwisho, kwa ajili ya uzuri, na kwa hilo wakatofautisha baina ya haja na matamanio. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007 na kulitazama suala la upasuaji wa urembo. Likaruhusu kurudisha umbo la kawaida, kuondoa kasoro ya kuzaliwa nayo au ya kupatwa nayo, na kuondoa kile kinachomtia mtu dhiki ya mwili au ya moyo. Na likakataza kulibadili umbo lililo sawa kwa kufuata matamanio na kuwaiga wengine.

Kwa kipimo hicho, mzee ambaye ngozi imemfunika mboni hana lawama akikatwa, wala kijana ambaye msuli wake ni dhaifu tangu kuzaliwa. Ama mwenye kope nzima inayofanana na ya baba yake, na anaona vizuri, huyo ana sura na wala hana ugonjwa. Penye shaka, aende kwa daktari kwanza apate hukumu ya mwili wake, kisha aipeleke kwa sheikh wake. Sheikh hawezi kutoa fatwa ya kope ambayo haijapimwa.

KISU CHA MAMA

Sasa tuje kwa mama wa Kongwa. Ugonjwa wake watu wa Ugogo na wa nchi kavu wanaujua kwa jina la vikope, na madaktari huuita trakoma. Huletwa na kijidudu kidogo mno, hupita kwa mikono, kwa nguo na shuka za pamoja, na kwa nzi watuao katika nyuso chafu za watoto. Mtoto huambukizwa mara nyingi, na kila mara ndani ya kope huacha kovu. Kovu hujikunja miaka ikipita, hata mtu akifika utu uzima ukingo wa kope hugeukia ndani, nywele zikakikwaruza kioo cha jicho kwa kila kupepesa. Wanawake hupatwa zaidi ya wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaokaa na watoto na kuwapangusa nyuso.

Kibano hupunguza maumivu kwa siku chache, lakini nywele huota tena, na zile zilizokatikia njiani huwa kama miiba. Dawa za majani zitiwazo machoni ni hatari kubwa zaidi: uchunguzi wa vidonda vya kioo cha jicho hapa Tanzania, uliochapishwa mwaka 1994, uliona kuwa kiasi cha robo ya wagonjwa hao walikuwa wametumia dawa za kienyeji za macho.

Kisu cha vikope kinafanana na cha urembo kwa mahali tu. Hapa hakupunguzwi ngozi ili jicho lipendeze. Ukingo wa kope hukatwa kwa ganzi, ukageuzwa nje pamoja na nywele zake, ukashonwa hapo. Jicho halitolewi, wala haliguswi kwa wembe, na mgonjwa huwa macho muda wote, anasikia anayoambiwa. Kazi huisha kabla ya saa moja, jicho hufunikwa mpaka kesho yake, na nyuzi hutolewa baada ya wiki moja au mbili. Wanaofanya kazi hii mara nyingi ni wauguzi na waganga wa macho waliofundishwa makusudi, na katika kambi za macho aghalabu hutolewa bure.

Haifai tumdanganye mama kuwa kila jicho hupona moja kwa moja. Nywele zaweza kurudi. Utafiti wa Ethiopia uliochapishwa mwaka 2016 ulilinganisha njia mbili za kupasua: baada ya mwaka mmoja nywele zilirudi kwa watu 13 hivi katika kila 100 kwa njia moja, na 22 katika kila 100 kwa njia nyingine. Utafiti mwingine wa huko huko, wa mwaka 2006, ulionyesha kuwa dawa ya azithromaisini ikitolewa mara moja baada ya kupasua hupunguza kurudi huko kwa kiasi cha theluthi. Kwa hiyo mama aulizie dawa hiyo, na arudi kutazamwa hata akijiona amepona. Walio wengi hupata faraja, na jicho ambalo halijaingia kovu huokoka. Lakini kovu likishafunika kioo, kope ikigeuzwa haiwezi kuirudisha nuru iliyokwisha potea. Hiyo ndiyo sababu ya kutongoja.

Ama khofu yake ya kubadili umbo la Mungu, tumwambie kwa adabu: mama yetu, umbo lako alilokupa Mola wako lilikuwa na nywele zinazotazama nje. Maradhi ndiyo yaliyoligeuza, na mganga anataka kulirudisha. Kisu hiki ni katika ile sehemu ya kwanza ya tiba.

Na neno moja kwa watoto. Wanawake wengi wa Tanzania walioambiwa wapasuliwe vikope katika miaka ya 1990 hawakwenda, na sababu zilizoonekana zilikuwa za nyumbani: hana wa kumsindikiza, hana wa kupika nyuma yake, hana nauli. Mama hawezi kuyasema hayo yote, basi husema tu, "Naogopa." Kijana aliyetuandikia asimnyamazie mama yake. Amtafutie nauli ya kushuka Kidodi na kwenda mpaka kwa waganga wa macho, aulizie Mikumi, Kilosa au Morogoro ni siku zipi na wapi kazi hii hufanywa, afuatane naye, na mkewe ashike jiko la mama kwa wiki mbili. Huo ndio wema kwa wazazi, na ni mkubwa kuliko kumng'oa nywele kila Ijumaa.

IBADA NA UANGALIZI BAADA YA KISU

Haya yanamhusu kila aliyekatwa kope, kwa sababu yoyote ile. Siku za mwanzo alale kichwa kikiwa juu ya mito, asiinue ndoo wala mzigo wa kuni, asiiname, asikae katika moshi wa jiko, asisugue jicho. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi safi na kukamuliwa hupunguza uvimbe. Wanja usipakwe mpaka daktari aruhusu. Na wanja wenye risasi haufai wakati wowote.

Sala haiachwi. Ikiwa daktari amemkataza kuinama, asali kwa kukaa na kuashiria rukuu na sijida kwa kichwa kidogo, kwani Mtume (S.A.W.) alimruhusu mgonjwa asali kwa kadiri ya uwezo wake. Ikiwa amekatazwa kutia maji juu ya kidonda, aoshe palipo pazima na atayamamu kwa ajili ya palipo kidonda, kama walivyoeleza wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi. Na mwalimu wa msikiti wake atamwonyesha namna. Dawa ya matone ya macho katika Shafi haifunguzi saumu, basi mtu asiache dawa kwa ajili ya Ramadhani.

KUZUIA NI BORA

Ugonjwa wa vikope waweza kwisha. Shirika la Afya Duniani liliweka katika miaka ya 1990 mambo manne: kupasua walioharibika, kugawa dawa, kuosha nyuso, na usafi wa vyoo na maji. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea msaada wa bure wa azithromaisini mwaka 1999. Huko Kongwa, wataalamu wetu wakishirikiana na wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walifuatilia nyuso za watoto vijijini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kuwa watoto ambao nyuso zao zilidumu safi walikuwa na ugonjwa mkali kwa uchache kuliko wenzao. Omani ilithibitishwa kuwa imeumaliza mwaka 2012, Malawi jirani yetu mwaka 2022, na Burundi mwaka 2025.

Sisi Waislamu tumepewa wudhu mara tano kwa siku. Mtoto aliyezoeshwa kunawa uso kila Sala tangu ana miaka saba amepewa ngao ya macho pamoja na ibada yake. Wala maji mengi hayahitajiki. Kopo dogo latosha nyuso za watoto kadha wakifundishwa. Waalimu wenzetu wa vyuo waweke kata mlangoni, na kila mtoto atumie kitambaa chake, maana kitambaa kimoja cha chuo kizima ni njia ya maradhi.

MWISHO

Binti yetu wa Mikumi, usitoe akiba yako kwa picha. Nenda kwanza upimwe na daktari wa macho. Hospitali za Muhimbili na CCBRT huko Dar es Salaam, na KCMC huko Moshi, zina mabingwa wa kazi hii. Ikiwa msuli wako ni dhaifu au kope inakufunika mboni, jitibu na wala usione haya. Ikiwa wameona kuwa macho yako ni mazima, basi jua kwamba aliyekuposa aliyaona macho hayo hayo akayaridhia, na kwamba watoto utakaowazaa huenda wakayarithi. Utawafundisha nini juu ya sura ya babu yao? Fedha hiyo iwe mtaji wa nyumba yenu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nuru za macho yetu, amponye mama yetu, ambariki binti yetu katika ndoa yake, na atujaalie tuyatumie macho katika kumridhisha.

Wabillahi tawfiq.